Mtungi mkongwe wa kuzamia: kabla hujagusa pampu

Mtungi wa chuma wa kuzamia ukifika kwenye meza yako Dodoma, ujue umetoka mbali. Huenda ulikuwa Tanga, Mafia au Unguja ukila chumvi, kisha ukaletwa bara kwa kazi za uokoaji au za chini ya maji kwenye bwawa kama Mtera. Mwenye mali ana haraka, anataka upimwe kwa presha ya maji kama bado ni imara, aondoke nao. Wewe anza na bega la mtungi, kwa brashi laini, kitambaa na tochi.

Ile mitungi ya zamani ya Kimarekani ya futi za ujazo 72 za hewa, ambayo ndani huchukua maji karibu lita 12, imegongwa maandishi kama DOT-3AA2250. Herufi 3AA zinataja aina ya mtungi, na 2250 ni presha ya kazi kwa psi, karibu baa 155. Ukikuta ICC mahali pa DOT usishtuke. Hiyo ndiyo alama iliyotumika kabla Idara ya Uchukuzi ya Marekani haijaanza kazi mwaka 1967, na umri peke yake hauukatai mtungi wa chuma. Presha ya jaribio unaipata kwa kuzidisha presha ya kazi kwa tano na kugawanya kwa tatu: psi 3,750, karibu baa 259. Mitungi ya Ulaya ina hesabu nyingine, mara moja na nusu. Wa baa 200 hupimwa kwa 300, na wa 232 kwa 348. Wageni wengi huchanganya hizi mbili. Ukipima wa Kimarekani kwa hesabu ya Ulaya umeupima pungufu na cheti chako ni uongo. Ukipima wa Ulaya kwa hesabu ya Kimarekani umeutesa bila sababu.

Alama ya kujumlisha baada ya tarehe ya jaribio inaruhusu kujaza asilimia 10 zaidi, yaani psi 2,475. Hairithiwi kutoka jaribio moja hadi jingine. Inapatikana upya kila mara, pale utanukaji wa mtungi, yaani unavyovimba ukipigwa presha, unapobaki ndani ya kikomo cha mtengenezaji. Ukiwa huna namba ya kikomo hicho, usiigonge.

Kabla ya kutoa valvu, maliza hewa yote polepole. Ukimya wa valvu si ushahidi kwamba mtungi ni mtupu: kutu inaweza kuziba kijibomba kilicho chini ya valvu na baa 100 zikabaki ndani. Uzi wa valvu ukikataa kulegea kwa nguvu ya kawaida, simama ujiulize kwa nini, usiongeze bomba kwenye mpini wa spana. Ikitoka, pima uzi wake kwa geji ya nyuzi. Valvu ya M25 yenye hatua ya milimita 2 huingia kwenye shingo ya robo tatu ya inchi yenye nyuzi 14 kwa inchi, tena huonekana imekaa. Imekaa kwa nyuzi chache tu, na mtungi ukijazwa inaruka kama risasi. Kosa hilo limeua watu duniani, na linazuilika kwa geji ndogo ya mfukoni.

Ndani ingiza taa ndogo na kioo cha daktari wa meno. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa inayofutika si tatizo. Tafuta vishimo, na zaidi mstari wa vishimo vilivyoungana pale maji yalipolala kwa muda mrefu, kwa kawaida chini kabisa au upande mmoja kama mtungi ulihifadhiwa umelazwa. Kutu nzito huondolewa kwa kuujaza mtungi vipande vya kauri hadi nusu pamoja na maji, kisha kuuvingirisha kwa saa kadhaa huku ukikagua katikati. Usivingirishe mpaka uridhike na mng'ao, maana kila saa unakula ukuta. Kama ndani kuna rangi ya epoksi, usiiamini: mahali ilipobanduka, chumvi hujificha nyuma yake. Nje, vua kiatu cha plastiki cha kitakoni bila kukosa. Kutu mbaya mara nyingi iko humo. Na ikiwa uzito mtupu umegongwa begani, weka mtungi kwenye mizani. Ukipungua asilimia 5, chuma kimeliwa. Mtungi uliopita kwenye moto, uliochomelewa, au uliopakwa rangi ya kuokwa kwenye tanuri, weka kando usubiri mkaguzi.

Sasa jaribio lenyewe. Tunatumia maji kwa sababu hayabanwi sana. Mtungi ukipasuka na maji unachanika, ukipasuka na hewa ni bomu. Tunauzamisha ndani ya koti la maji, yaani chombo kilichofungwa na kujaa maji, ili tupime kitu kimoja tu: mtungi umevimba kiasi gani, bila kuhangaika na maji yaliyobanwa ndani yake. Maji yanayosukumwa nje ya koti hupanda kwenye bureti, bomba la kioo lenye vipimo, na hapo ndipo unaposoma.

Kila asubuhi anza na mtungi wa kulinganishia, ule ambao utanukaji wake unajulikana. Usiposoma sawa, siku hiyo hakuna kazi. Kisha jaza mtungi wa mteja maji hadi mdomoni, ugongegonge viputo vitoke, na uuache usiku kucha chumba kimoja na maji ya koti. Hapa Dodoma mtungi ulioshinda juani na maji ya tangi la zege yana joto tofauti kabisa, na bureti itasogea kabla hujagusa pampu. Ikisogea bila presha, subiri.

Kagua uvujaji kwa presha isiyozidi asilimia 85 ya jaribio, hapa psi 3,187. Kikomo hicho kina maana kubwa. Chuma kikishavutwa kupita kiasi kinabaki kirefu, na ukikivuta tena kwa presha ileile kitaonyesha utanukaji uliobaki wa karibu sifuri hata kama mara ya kwanza kiliharibika. Yaani mtungi husema ukweli mara moja tu. Kwa hiyo umeme ukikatika pampu ikiwa psi 3,600, huwezi kuwasha na kuendelea kama vile hakuna kilichotokea. Kanuni ya Kimarekani inaruhusu kurudia kwa presha iliyoongezwa asilimia 10 au psi 100, ile iliyo ndogo. Hapa ni psi 3,850. Pampu ya mkono inachosha, lakini haina mgao.

Panda polepole hadi 3,750, shikilia sekunde 30 au zaidi mpaka bureti itulie, andika utanukaji wote. Achia presha, andika uliobaki. Tuseme wote ni mililita 62 na uliobaki ni 3: gawanya, ni chini ya asilimia 5, umepita. Ukibaki 7 ni zaidi ya asilimia 11, na kikomo ni 10. Bureti ikizidi kupanda wakati geji imetulia, chuma kinakubali kuvutwa. Geji ikishuka huku bureti inapanda, kiungo kinavuja ndani ya koti. Bureti ikirudi chini ya sifuri, koti lenyewe linavuja nje. Usimlaumu mtungi kabla ya kulitazama koti.

Kukausha ndiko wengi wanakoharibu kazi nzuri. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na suuza ya mwisho kwa maji hayo inarudisha kutu kabla ya jioni. Tumia maji yaliyokenekwa, yale ya kuongeza kwenye betri, na uhakikishe kopo si la asidi, maana madukani hukaa rafu moja. Yapashe moto, suuza, pindua mtungi, kisha peleka hewa kavu ya vuguvugu hadi kitakoni kwa bomba refu. Hewa ya kompresa ya gereji ina mafuta na unyevu, haifai. Miezi ya upepo funika shingo kwa kitambaa safi. Unyevu ukibaki, kutu itakula oksijeni ya hewa iliyofungwa humo, na mzamiaji atavuta kitu kinachofanana na hewa tu.

Weka oringi mpya, ile pete ya mpira ya kuziba valvu. Tarehe gonga begani, kamwe si ubavuni. Vyombo vya presha mahali pa kazi viko chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, kwa hiyo anayetia sahihi cheti awe na idhini, hata kama wewe ndiye uliyepampu. Mtungi uliokataliwa futa alama zake kwa kugonga X juu ya namba ya aina na ya presha, na mwenye mali akikubali, utoboe. Ukirudishwa mzima utaishia kwenye chuma chakavu, na baada ya miezi utauona kwa fundi wa pancha umegeuzwa tangi la kompresa.