Kusukutua baada ya kupiga mswaki

SWALI: Daktari, kila usiku napiga mswaki, halafu papo hapo nasukutua kwa dawa ya kinywa yenye floridi. Nafanya yote haya, na bado jino la pili limetoboka. Nakosea wapi?

JIBU: Pole sana. Juhudi unayo, ila mpangilio ndio unaokuangusha. Angalia maandishi ya tyubu yako. Dawa nyingi za meno za watu wazima zina floridi kama sehemu 1,450 katika kila milioni. Ile ya kusukutua ya kila siku huwa na takriban 225 tu. Kwa hiyo unaondoa kali na kubakiza hafifu! Floridi inahitaji kukaa juu ya jino na kuchanganyika na mate, ili madini yaliyoliwa na asidi yarudi. Ukiisuuza mapema, hata kwa maji matupu, kazi hiyo inakatika.

Leo usiku piga mswaki dakika 2, tema povu, basi. Usisuuze. Ladha itakukera siku chache. Mimi mwenyewe ilinichukua wiki nzima kuizoea.

Dawa ya kusukutua usiitupe. Itumie baada ya chakula cha mchana, kisha usile wala kunywa kwa nusu saa. Mimi chupa yangu niliitoa bafuni, naiweka kwenye droo kazini. Watoto chini ya miaka 6 wasipewe, huimeza.

Na hayo mawili yaliyotoboka yazibwe mapema, tafadhali. Floridi haizibi tundu.