Uchumi ukiyumba, nani anaumia zaidi?

SWALI: Shkamoo anti. Niko Toronto, mdogo wangu kamaliza digrii ya sosholojia chuo cha kawaida tu, ajira zimekauka, sasa yuko stoo anapanga maboksi. Binamu yetu kamaliza uhandisi mwaka huohuo chuo kikubwa, alisota kidogo lakini keshapata kazi ya maana. Baba anasema mdogo wangu ni mvivu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Si kweli, na baba aambiwe kwa upole. Hukohuko Kanada wachumi watatu, Oreopoulos, von Wachter na Heisz, walifuatilia kipato cha wanaume waliomaliza chuo kuanzia 1976 hadi 1995, utafiti wao ukachapishwa 2012, wakakuta anayemaliza wakati uchumi umeporomoka anaanza na kipato pungufu kwa kama asilimia 9, pengo linapungua nusu ndani ya miaka 5 na kuja kwisha kwenye mwaka wa 10 hivi. Sasa hiyo ni wastani tu, na wastani unaficha mengi! Wale wa vyuo na kozi zinazolipa vizuri pigo lao ni dogo na wananyanyuka haraka, ila wa vyuo na kozi zinazolipa kidogo wanaumia zaidi na wengine hata hiyo miaka 10 ikipita bado wako nyuma.

Inakuwaje? Kampuni zinazolipa vizuri zikipunguza kuajiri, wa chuo kikubwa anashuka anachukua nafasi ambayo mwaka mzuri angeipata mdogo wako, na mdogo wako anasukumwa chini zaidi. Halafu hali ikitengemaa yule wa kwanza anahama upesi kwenda kampuni bora, na huko kuhama ndo kunakorudisha mshahara, wakati mwenzie kabaki palepale, na umri ukienda, familia ikija, kuhama kunazidi kuwa kugumu.

Kwa hiyo stoo si aibu hata kidogo, alipwe, ila asizoee. Aombe kazi huku anafanya kazi, aulize kama kampuni hiyohiyo ina nafasi ofisini, arudi chuoni kwake kwenye ofisi ya ajira maana nyingi zinawahudumia hata waliokwisha maliza. Na huyo binamu mpigieni wiki hii, aulizie kwao kitengo cha rasilimali watu au utafiti wa soko, mtu wa sosholojia kafundishwa kuhoji watu na kusoma takwimu, huko anafaa kabisa.