Anza na ua, mlima haukimbii

Barua nyingi zilizotufikia awamu hii zinauliza kuhusu picha za maua ya porini na milima. Vipimo vya lenzi tunavyotaja ni vya kamera yenye sensa (kipande cha ndani kinachopokea mwanga) ya milimita 36 kwa 24.

Ndugu mhariri, nikiweka fokasi kwenye ua, mlima unafifia. Nikiweka kwenye mlima, ua linaharibika. Nimefunga tundu la lenzi hadi f/22 na bado picha si kali. Nakosea wapi?

Ndugu msomaji, rudi kwanza kwenye f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Mwanga unaopenya tundu dogo mno hutawanyika kwenye kingo zake, na ukifika f/22 picha nzima hulainika, ua na mlima pamoja. Unapata kina, yaani eneo refu zaidi lenye fokasi, unapoteza ukali.

Kinachofuata ni umbali. Kwa lenzi ya milimita 24 na tundu la f/11, weka fokasi kwenye mita 1.75, kila kitu kuanzia sentimita 90 hadi kilele cha mbali kitakuwa kikali kwa kiwango kinachokubalika. Kwa lenzi ya 16, fokasi ni sentimita 80 na ukali unaanzia sentimita 40. Kwa lenzi ya 35, fokasi ni mita 3.7 na ukali unaanzia karibu mita 1.9. Ndiyo maana ua lililo sentimita 30 mbele ya lenzi ya 24 halikubali kukaa kwenye picha moja na kilele. Ukitaka picha moja tu, rudi nyuma mpaka sentimita 90 na utafute kishada cha maua badala ya ua moja, ili sehemu ya mbele isionekane tupu.

Ukitaka ua likaribie zaidi, piga picha kadhaa zenye fokasi tofauti kisha uziunganishe kwenye kompyuta. Kamera iwe juu ya tripodi. Mwangaza, ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga), rangi na fokasi vyote viwe vya mkono, kwa maana kamera ikijiamulia katikati ya zoezi picha hazitafanana. Anza na petali iliyo karibu kabisa, kisha zungusha pete ya fokasi kidogo kidogo kuelekea mbali. Kwa lenzi ya 24, f/11 na ua lililo umbali wa sentimita 30, picha 4 au 5 zinatosha. Acha nafasi pembeni, kwa sababu lenzi nyingi hubadilisha kidogo ukubwa wa picha fokasi inapohama, na programu itakata kingo wakati wa kuzilinganisha.

Mpangilio huu si wa hiari: anza na ua, mlima haukimbii. Ngoja upepo utulie, piga picha zote za ua kwa 1/250 ya sekunde au kasi zaidi hata kama ISO itapanda hadi 800, ndipo uendelee na mandhari bila haraka. Ua likisogea kati ya picha mbili, picha iliyounganishwa italionyesha likiwa na kingo mbilimbili.

Kuna kasoro nyingine ambayo wengi huilaumu programu bure. Fokasi inapokuwa kwenye mlima, ua la mbele hutanuka kwa ukungu na kufunika sehemu ya mlima iliyo kando yake. Hakuna picha hata moja kati ya ulizopiga yenye sehemu hiyo ikiwa kali, basi hakuna cha kuunganisha. Weka ua mahali ambapo nyuma yake pana majani, pasiwe na mstari wa kilele, au rudi hadi sentimita 60.

Kabla ya kujisumbua na yote hayo, jiulize kama mlima lazima uwe mkali. Lenzi ya milimita 100 kwa f/8, ua likiwa mita moja mbele, huacha kilele kikiwa umbo laini linalotambulika, na mara nyingi picha hiyo ina nguvu kuliko ile iliyo kali kila mahali. Lenzi ya 16, kwa upande mwingine, huupunguza mlima mkubwa ukaonekana kilima.

Nilifika mlimani alfajiri kama wanavyoshauri, nikakuta maua yamefumba. Siku nyingine nilichelewa, upepo ukaniharibia kila picha. Ni saa ngapi hasa?

Ushauri wa alfajiri ni wa vilele, maua yana saa yake. Aina nyingi za Crocus hufunguka joto linapopanda, na Gentiana kadhaa za milimani hufumba hata wingu likipita. Wakati huohuo, jua likishaipasha miteremko, hewa yenye joto huanza kupanda juu na upepo wa bondeni unazaliwa. Usiku hewa baridi hushuka. Kati ya mielekeo hiyo miwili kuna utulivu mfupi asubuhi. Unachokitafuta ni muda kati ya jua kuligusa ua na upepo kuamka. Kwenye mteremko unaotazama mashariki jua hufika mapema, hivyo nafasi yako ni ndefu zaidi. Mteremko wa magharibi hupata jua wakati hewa ya bonde imeshaanza kutembea.

Kama lazima upige alfajiri, chagua maua yasiyofumba, na ujue kwamba kilele kitakuwa kimewaka wakati ua bado liko kivulini. Tofauti hiyo hufika stopu 3 au 4 kirahisi (kila stopu moja ni mwanga mara mbili). Filta yenye giza upande mmoja, ya stopu 2 au 3 na mpaka laini, husaidia, ingawa mstari wa milima haunyooki na filta hutia giza hata kwenye miamba usiyoikusudia. Kupiga picha mbili, moja kwa mwanga wa kilele na moja kwa mwanga wa ua, kisha kuziunganisha, hutoa matokeo safi zaidi.

Kuhusu tarehe: mwaka 1918 mtaalamu wa wadudu Andrew Delmar Hopkins alipendekeza kanuni kwamba majira ya kuchipua huchelewa takriban siku 4 kwa kila futi 400 za kupanda, yaani kama mita 120. Ni makadirio, lakini yanafaa sana kupangia safari. Maua uliyoyakosa bondeni yatafute mita 300 juu zaidi, kana kwamba umerudisha kalenda siku 10. Na pale theluji inapokawia kuyeyuka, fuata ukingo wake. Maua huchomoza karibu nao kadiri theluji inavyorudi nyuma.

Maua mekundu yanatoka kama doa lisilo na mistari, na ya bluu yanageuka zambarau. Je, sensa yangu ni mbovu?

Sensa ni nzima. Hupokea nyekundu, kijani na bluu kila moja peke yake, na kwenye petali nyekundu iliyokolea mkondo mwekundu hujaa wakati mingine bado iko chini. Histogramu ya kawaida (grafu ya mwanga wa picha) huonyesha wastani na hukwambia mambo ni shwari. Washa histogramu ya rangi tatu, punguza mwangaza theluthi mbili ya stopu hadi stopu moja, na uhifadhi faili la RAW, yaani data ya sensa ambayo kamera haijaichakata. Baadaye, usiongeze ukolezi wa rangi kwenye petali. Ukifanya hivyo mistari yake itapotea upya unapohifadhi picha ya kuonyesha watu.

Bluu ina sababu mbili. Kivulini mwanga unatoka angani, wenye bluu nyingi, na kamera ikijirekebisha yenyewe huongeza uwekundu. Pia baadhi ya maua ya bluu huakisi sana wekundu wa mwisho kabisa ambao jicho haliuoni vizuri, lakini sensa huunasa. Piga picha moja ukiwa umeweka kadi ya kijivu kando ya ua na uitumie kusahihisha rangi. Zambarau ikibaki, isogeze kuelekea bluu kwenye petali peke yake, la sivyo vivuli vya milima navyo vitahama.

Theluji yangu ni ya kijivu, na betri huisha haraka mno.

Kipimo cha kamera hudhani kila kinachokiona ni cha kijivu cha wastani. Ongeza stopu 1 hadi 1⅔ theluji inapojaza picha, ukichunga histogramu isigonge ukuta wa kulia. Bluu ya vivuli juu ya theluji ni ya kweli, usiifute yote. Betri ya akiba ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Ile iliyolala kwa baridi mara nyingi huamka ikipata joto. Kabla ya kuingia chumba chenye joto, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa na uiache humo saa moja au mbili, ili umande ujikusanye nje ya mfuko badala ya kujikusanya ndani ya lenzi.

Nataka picha nne za bonde lilelile, moja kwa kila majira. Ninasimama palepale lakini hazilingani hata kidogo. Kwa nini?

Huenda husimami palepale. GPS ya simu hukosea mita kadhaa, na jiwe lililo mita 3 mbele yako huhama karibu nyuzi 2 dhidi ya mlima wa nyuma kamera ikisogea sentimita 10 tu. Tumia mpangilio wa vitu: chagua ncha ya jiwe la karibu inayogusana na alama fulani ya mlima, na jozi ya pili upande mwingine wa picha. Jozi zote mbili zikikutana, umefika. Chagua miamba, kwa sababu vichaka hukua na theluji huvifunika. Andika urefu wa kamera kutoka ardhini, milimita za lenzi na mwelekeo wa dira, na uje na nakala iliyochapishwa ya picha ya kwanza. Lenzi isiyo na zumu hupunguza kosa moja.

Mwanga nao hutembea. Katika latitudo ya nyuzi 46 kaskazini, mwezi Juni jua huchomoza kwenye nyuzi 55 za dira na Desemba kwenye 125. Adhuhuri ya Juni hufika nyuzi 67 juu ya upeo, ya Desemba 21 tu. Mlima ulioinuka mita 1,000 juu ya bonde hutupa kivuli cha mita 400 hivi Juni na zaidi ya kilomita 2.5 Desemba, kwa hiyo bonde linalong'aa majira ya joto laweza kukaa gizani siku nzima wakati wa baridi. Chunguza hilo kwa programu ya kuonyesha njia ya jua kabla ya kuchagua kituo. Tunashauri kituo ambacho jua la Desemba hukifikia kwa muda wa walau saa mbili. Kikiwa hivyo, majira mengine yatakuwa rahisi.

Nina nafasi adhuhuri tu.

Jilaze chini na uweke jua nyuma ya ua: petali nyembamba huwaka na mistari yake hujitokeza. Kwa ua la karibu bila mandhari, kitambaa cheupe chepesi kikishikwa juu yake hulainisha mwanga. Filta ya polaraiza huondoa mng'ao kwenye majani, kwa gharama ya stopu 1 hadi 2, lakini kwenye lenzi pana huacha doa jeusi katikati ya anga, kwani nguvu yake iko nyuzi 90 kutoka kwenye jua.

Natumia simu.

Una faida: lenzi fupi ya simu hutoa kina kikubwa. Igeuze juu chini ili lenzi ikaribie ardhi, bonyeza ua kwa muda mpaka fokasi ijifunge, kisha shusha mwangaza kidogo. Usitumie hali inayofifisha mandhari ya nyuma. Hukata kingo za petali vibaya.

Nyasi zinaziba ua. Naruhusiwa kuzing'oa?

Hapana. Zilaze pembeni kwa kibanio cha nguo au uzi, kisha uziachie ukimaliza. Angalia pia unapopiga magoti, maana mimea ya milimani inayokua kama mito, mfano Silene acaulis, huweza kuishi zaidi ya miaka 100 na hupanuka polepole mno. Miguu ya tripodi, mkoba na magoti viwe juu ya mwamba au njia. Kama hapo hufikii ua, badilisha lenzi au tafuta jingine.