Hapana, hukumu ya kifo haikufutwa 2017

La, yule msemaji kwenye mdahalo wa wanafunzi wa sheria hapa Kisumu aliteleza aliposema hukumu ya kifo Kenya ilifutwa 2017, na kilichonishangaza ni waamuzi kumwacha apite hivyo hivyo. Kesi ya Muruatetu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu Desemba 14, 2017, haikufuta hukumu ya kifo. Iliondoa ulazima wake tu. Awali kifungu cha 204 cha Kanuni ya Adhabu kilimfunga jaji mikono: ukipatikana na hatia ya mauaji ni kitanzi, uwe na la kujitetea au usiwe nalo. Sasa jaji anasikiliza kwanza maombi ya kupunguziwa adhabu, kisha anaamua. Bado anaweza kuamuru kifo.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili. Baada ya uamuzi ule meza yangu ilijaa maombi ya wafungwa wa wizi wa mabavu, kosa ambalo nalo adhabu yake ni kifo, mengine yameandikwa kwa kalamu kwenye karatasi za daftari, yote yakitaja Muruatetu. Julai 6, 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kuwa uamuzi wake unahusu mauaji pekee. Anayepinga adhabu ya wizi wa mabavu afungue kesi yake.

Nadhani watu huchanganywa na kwamba Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Sheria lakini ipo, na Katiba yenyewe, kifungu cha 26(3), imeiachia mlango.