Kipupwe Kikiingia, Tafuta Uyoga Kwenye Magogo

Huku kwetu Mbeya, mvua zikishakatika mwezi wa tano, watu huagana na uyoga hadi mwakani. Kwa uyoga wa kupika ni kweli: ule wa kichuguu hauchomozi tena, ingawa kuvu yake ingali hai chini ya ardhi, mchwa wanaitunza na kuilisha majani makavu na vipande vya miti. Lakini kama unapenda kuutazama tu, nakusihi usingoje mvua. Kati ya Juni na Agosti, sakitu, yaani umande ulioganda, ikianguka kwenye milima ya Uporoto, panda msitu wa Mlima Ngozi.

Wengi hupanda pale mbiombio kwa ajili ya ziwa lililo kwenye kreta yake. Wewe nenda polepole, macho yako kwenye magogo yaliyolala kivulini. Ukungu huuweka msitu ule katika unyevu hata mvua isiponyesha. Tafuta uyoga wa kahawia, laini, uliojikunja mfano wa sikio la mtu. Tafuta na ule mgumu unaoota ubavuni mwa mti bila shina. Upo unaodumu miaka kadhaa, ukiongeza tabaka jipya la vitundu upande wa chini. Beba kioo kidogo, kipitishe chini yake, uvione bila kuung'oa.

Ninaoupenda kuliko wote hauzidi sana upana wa ukucha wa dole gumba. Ni mweupe wa kijivu, una manyoya juu, hukaa kwa makundi kwenye matawi makavu na hata kwenye kuni zilizorundikwa nyumbani. Chini, mikunjo yake imepasuka katikati kwa urefu. Hewa ikikauka, pande hizo hujikunja na kuficha sehemu inayotoa mbegu. Unyevu ukirudi, hufunguka. Udondoshee maji, kaa unywe chai yako, kisha uangalie tena. Ukiwa na watoto, hapo hawatoki!

Kuhusu kula, msimamo wangu ni mmoja: usile. Mama zetu wanaoujua uyoga walifundishwa porini, mmoja baada ya mwingine, si kwa picha za simu. Upo ambao sumu yake haiondoki hata ukiuchemsha. Aliyeula anaweza kukaa saa 6 hadi 12, au zaidi, bila dalili. Akatapika na kuharisha, akapata nafuu, kumbe ini linaharibika. Mtu akiugua baada ya kula uyoga, mwahisheni hospitali na mabaki ya uyoga huo, hata akisema amepona.

Ukitokea Mbeya mjini, panda gari la Tukuyu, shuka Isongole, uulizie mtu wa kukuongoza. Mlipe vizuri, maana njia inateleza na ukungu hushuka ghafla. Vaa sweta na viatu vinavyoshika. Na gogo ulilolipindua, lirudishe lilivyokuwa, kwani wadudu na uyoga mchanga hutegemea ule upande wa chini wenye giza na unyevu.