Ramani ina muhuri, bado nipime tena?

SWALI: Habari, nimekipenda kiwanja, muuzaji kanionyesha ramani ya upimaji ina muhuri kabisa. Sasa mpima mwingine wa nini?

JIBU: Ndugu, cheki kwanza tarehe ya hiyo ramani, maana tangu ipimwe jirani anaweza akawa keshasogeza fensi au kajenga kibanda ndani. Halafu nenda saiti na mpima unayemlipa wewe, sio wa muuzaji, atafute bikoni (zile alama za mpaka wanazoweka wapima ardhini) moja moja alinganishe na vipimo vya kwenye ramani, na ikikosekana hata moja usikubali kuonyeshwa mti eti "mpaka ndo huu hapa". Fensi yenyewe anaweka yeyote! Angalia pia njia ya kuingilia, na kama laini ya umeme au bomba linapita ndani ya kiwanja, kipande hicho mara nyingi huruhusiwi kujenga hata kama umekilipia.