Dumu likizidi, usikimbilie kununua ADC mpya

Watu wanaojaza mafuta ya alizeti kwa mashine walizounda wenyewe huniletea lalamiko lilelile: dumu linazidi. Valvu imeambiwa ifunge kwenye kilo 4.6, ambao ndio uzito wa lita 5 hivi, lakini dumu likiwekwa kwenye mizani nyingine linakutwa na gramu mia na ushee za ziada. Wanachofikiria kwanza ni kununua ADC (chipu inayogeuza volti kuwa namba) "yenye kasi". Mara nyingi pesa hiyo ibaki mfukoni.

Mashine za aina hii ukizifungua utakuta lodi seli (kihisi cha uzito), modyuli ya kijani yenye chipu ya HX711, na Arduino, kompyuta ndogo inayoendesha programu. HX711 ni ADC ya biti 24, bei yake ni chee, na kwa kazi ya uzito inafaa sana. Ila ina jambo moja ambalo wengi hulipita. Kwa kawaida hutoa sampuli 10 kwa sekunde, basi mtu anahesabu kwamba ucheleweshaji ni milisekunde 100. Sivyo. Muda wa kutulia, yaani muda ambao namba inachukua kufikia uzito mpya, ulioandikwa kwenye karatasi yake ya maelezo, kwa kasi hiyo, ni milisekunde 400. Chipu hii ni ya sigma-delta: kila namba inayoitoa imechujwa kutoka kwenye vipimo vingi vilivyotangulia. Kasi ya sampuli ni kitu kimoja na ucheleweshaji ni kitu kingine. Mabasi ya Dodoma yanaweza kuondoka stendi ya Mbezi kila dakika 10, wewe uliyepanda bado utasafiri saa zako zote.

Chukulia mafuta yanatiririka gramu 500 kwa sekunde, na mnyororo mzima, kuanzia lodi seli hadi amri ya kufunga valvu, umechelewa sekunde 0.4. Hizo ni gramu 200 zimeshaingia kwenye dumu kabla mashine haijajua.

Kabla ya kugusa chochote, pima. Kudondosha jiwe la mizani juu ya sahani hakusaidii, kwa sababu sahani itatikisika na hutajua kipi ni mtikisiko na kipi ni umeme. Mimi hutumia rezista ya kilo-omu 100, naiunganisha kupitia rilei ndogo (swichi inayowashwa kwa umeme) kati ya pini za E+ na A+ kwenye modyuli. Kwa lodi seli ya omu 350 rezista hiyo inasukuma daraja (rezista nne zilizo ndani ya seli) karibu milivolti 0.87 kwa kila volti ya kulishia. Kama seli yako ni ya milivolti 2 kwa volti, ni kama umeweka ghafla mzigo unaokaribia nusu ya uwezo wake. Arduino yenyewe ndiyo iwashe rilei, iandike muda, kisha iandike tena muda namba inapotulia. Mashine inakuwa imesimama kimya, hakuna hata tone la mafuta, nawe unaona ucheleweshaji wa umeme na programu peke yake.

Na hapo ndipo utakapoona kwamba mhalifu mkubwa mara nyingi si chipu, ni programu. Ile amri ya maktaba inayosoma mara 10 na kurudisha wastani hushikilia kila kitu kwa sekunde nzima, maana kila usomaji unasubiri zamu yake. Mifano mingi ya mtandaoni imeandikwa hivyo, na kwa mizani ya dukani haina ubaya. Kwa valvu ni balaa. Iondoe. Ukiogopa namba za kurukaruka, chukua sampuli 3 za mwisho na utumie ile ya katikati kwa ukubwa. Mruko mmoja unatupwa, na unachopoteza ni kama sampuli moja tu. Soma pale pini ya DOUT inaposhuka, kwa kuwa ndiyo ishara ya chipu kwamba namba mpya iko tayari. Tazama pia uchapishaji, yaani kutuma namba kwenye kompyuta: kwenye mlango wa siriali wa kasi ya 9600, kila herufi inakula takriban milisekunde 1, na akiba ya herufi zinazosubiri kutumwa ikishajaa programu inasimama kungoja. Weka 115200, au usichape chochote wakati mafuta yanatoka. Kioo cha kuonyesha uzito nacho kisubiri. Mwendeshaji hatapungukiwa na kitu akiona namba mara 4 kwa sekunde.

Ukimaliza hayo ndipo uende kwenye chipu. Pini ya 15, RATE, kwenye modyuli nyingi za kijani imefungwa kwenye ardhi. Inyanyue polepole kwa ncha ya wembe huku ukiyeyusha risasi ya kulehemu, uiunganishe na pini ya 16 iliyo jirani yake. Sasa unapata sampuli 80 kwa sekunde, na muda wa kutulia unashuka kutoka milisekunde 400 hadi 50. Gharama yake ni kelele: kwa ukuzaji wa 128 inapanda kutoka nanovolti 50 hadi 90, na ule ulinzi mzuri dhidi ya mvumo wa umeme wa gridi wa hezi 50 unapungua. Kwa hiyo tenga waya za lodi seli na za mota, na uzisokote. Kwa dumu la kilo 4.6 hutaiona tofauti hiyo ya kelele. Kwa kupima dhahabu nisingeshauri.

Chipu hii ina mitego miwili. Ukisoma chaneli A na B (njia zake mbili za kuingizia ishara) kwa zamu, kila ukibadilisha chaneli muda wa kutulia unaanza upya. Kama una lodi seli kwenye njia mbili za kujazia, nunua HX711 ya pili. Mtego wa pili ni pini ya saa, ile inayopokea mipigo ya kusomea namba: ikikaa juu zaidi ya maikrosekunde 60, chipu inazima, na ikiamka inangoja kutulia tena. Kwenye ESP32, kompyuta ndogo nyingine yenye Wi-Fi, interapti (kazi ya dharura inayokatiza programu) ikiingia katikati ya usomaji inaweza kukufanyia hivyo, nawe ukabaki unalaumu lodi seli. Zima interapti kwa muda ule mfupi wa kuhesabu mipigo 25.

Kama kihisi chako kinaingia moja kwa moja kwenye ADC ya ndani ya Arduino Uno, habari ni nyingine. Ubadilishaji mmoja pale ni kama maikrosekunde 104 tu. Angalia kapasita ya kichujio: kilo-omu 10 na maikrofaradi 10 zinakupa muda wa RC (rezista mara kapasita) wa milisekunde 100, na ili namba itulie ndani ya nusu hatua ya biti 10 unahitaji takriban mara 7.6 ya hapo. Punguza kapasita.

Kitakachobaki ni valvu yenyewe kufunga, na mafuta yaliyo hewani kati ya mdomo na dumu. Hayo hayaondoki, ila hayabadiliki sana kutoka dumu hadi dumu, kwa hiyo yanahesabika. Valvu ikishafunga, subiri mizani itulie, soma uzito halisi, kisha sogeza kiwango cha kufungia kwa nusu ya kosa lililoonekana. Usisogeze kosa lote kwa mara moja, mashine itayumba huku na huku. Na uiache iendelee kujirekebisha siku nzima, kwa sababu mafuta ya asubuhi yenye baridi hutiririka polepole kuliko ya saa nane mchana.